KUPAMBA MEKO WAKATI WA KRISMASI: TUSIISAHAU DOHANI

 

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili, mwalimu mlezi alituletea kadi ya zamani ya Krismasi akatutaka tuieleze kwa Kiswahili sanifu. Picha ilionyesha shimo lililojengwa ukutani, ndani yake moto unawaka. Juu ya shimo kulikuwa na rafu yenye mishumaa na majani ya kijani, na chini ya rafu soksi tatu zilining'inia. Haya, nani ataeleza? Mwenzetu mmoja alisema ni tanuri la mikate. Wa pili akasema ni dirisha, ati nyumba inaungua. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma.

Mimi sikucheka sana. Kitu kile nilikuwa nakijua, kwani shangazi yangu anafanya kazi ya nyumbani kule Limuru katika nyumba iliyo nacho, na likizo mbili nimewahi kumsaidia kukipamba. Mwalimu aliposikia hayo akaniagiza niandike makala haya. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, ni vizuri tujue maana ya mapambo tunayoyaiga kila Desemba. Pili, kuna jambo lililotupata nyumbani kwetu kwa sababu ya kuiga bila kujua, na sitaki limpate mwenzangu yeyote. Nitalieleza mbele.

MEKO YA UKUTANI NI KITU GANI?

Sote tunajua jiko, na tunajua kwamba wingi wake wa asili ni meko. Kwa nyanya zetu, meko ni mafiga matatu, chungu kikiwa juu na kuni chini. Moto huo ni wa kupikia. Moto wa kwenye ile kadi ni wa kuota, yaani watu huketi mbele yake wapate joto. Kwa hivyo katika makala haya nitasema "meko ya ukutani" nikiwa na maana ya mahali pa kuotea moto palipojengwa ndani ya ukuta wa sebule.

Meko haya yana sehemu nne. Ya kwanza ni kinywa, yaani lile shimo ambamo kuni huwekwa. Ya pili ni sakafu ya mawe au matofali iliyo mbele ya kinywa, ambayo kazi yake ni kuzuia cheche zisifike kwenye zulia. Ya tatu ni rafu iliyo juu ya kinywa. Hii ndiyo inayopambwa. Ya nne ni dohani, yaani bomba la matofali au mawe linalopanda ndani ya ukuta hadi juu ya paa ili kutoa moshi.

Ukiingia sebuleni utaziona sehemu tatu za kwanza. Ya nne huioni. Lakini bila ya hiyo ya nne, hizo tatu ni mtego wa mauti. Tafadhali mliweke jambo hilo akilini tunapoendelea.

ASILI YA MAPAMBO HAYA

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini watu wa Ulaya waupambe moto na si meza au mlango? Jibu liko katika hali ya hewa. Sisi hapa Kenya tuko kwenye ikweta, na mchana wetu ni wa karibu saa 12 mwaka mzima. Kule London, siku za karibu na tarehe 21 Desemba, mchana haufiki saa 8. Jua linachelewa kutoka, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kutua. Nje ni baridi kali na miti mingi imepukutika majani. Katika hali kama hiyo, watu wote wa nyumba watakaa wapi? Watakaa motoni. Ndiyo sababu moto ukawa kitovu cha nyumba, na sikukuu ikasherehekewa mbele yake.

Majani ya kijani yalichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Miti mingine inapokauka, kuna michache isiyopoteza rangi yake. Waingereza walitumia mti uitwao holi, wenye majani ya miiba na matunda mekundu, pamoja na mmea utambaao uitwao aivi. Kijani hicho kiliwakumbusha kwamba uhai haujaisha na kwamba joto litarudi.

Kulikuwa pia na desturi ya gogo la Krismasi. Katika nchi nyingi za Ulaya watu waliingiza gogo kubwa motoni usiku wa kuamkia Krismasi, nalo likaachwa liwake polepole. Wengine waliweka kipande chake kilichobaki ili kiwashe gogo la mwaka uliofuata. Siku hizi Wafaransa wameligeuza gogo hilo likawa keki ya umbo la gogo, nao hulila badala ya kulichoma!

Je, rafu ilitoka wapi? Zamani nyumba za Waingereza wa kawaida hazikuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya chumba na moshi ukajitafutia njia kwenye paa, sawasawa na jikoni kwa nyanya yangu. Dohani zilienea katika nyumba za watu wa kawaida katika karne ya 16. Moto ukahamia ukutani, na juu yake pakawekwa kitu kama kofia kubwa ya kuukinga moshi usiingie chumbani na kuuelekeza juu. Kofia hiyo ndiyo iliyopungua baadaye ikabaki rafu ya mapambo. Kumbe hata rafu yenyewe ni mtoto wa dohani!

Sherehe hizi hazikupendwa na wote. Mwaka wa 1647 Bunge la Uingereza, lililokuwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku sikukuu ya Krismasi. Ilirudi kwa uhuru mfalme aliporejea mwaka wa 1660.

Na soksi? Hizo zinahusishwa na Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Hadithi husema kwamba kulikuwa na baba maskini mwenye mabinti watatu wasioweza kuolewa kwa kukosa mali. Askofu huyo aliwatupia dhahabu usiku kisirisiri. Masimulizi mengine yanasema dhahabu ilianguka ndani ya soksi zilizoanikwa karibu na moto. Tarehe 23 Desemba mwaka wa 1823, gazeti moja la mji wa Troy huko Marekani lilichapa shairi kuhusu Mtakatifu Nikolasi akishuka kwa dohani na kujaza soksi. Shairi hilo ndilo lililoieneza picha hiyo duniani.

Mambo mengine tunayoyaona kwenye rafu yalikuja baadaye. Kadi za Krismasi za kuuzwa zilianza London mwaka wa 1843 kwa agizo la Bwana Henry Cole, miaka mitatu tu baada ya Uingereza kuanza kutuma barua kwa stempu ya peni moja. Kadi zilipokuwa nyingi zilihitaji mahali pa kusimamishwa, na rafu ya meko ikafaa. Mti wa Krismasi nao ulipata umaarufu mwaka wa 1848, gazeti lilipochapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa wamesimama kando ya mti wao pamoja na watoto.

WATOTO WA NDANI YA DOHANI

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haichorwi kwenye kadi. Moto wa kuni na makaa ya mawe huacha masizi ndani ya dohani. Masizi yakizidi yanaweza kushika moto na kuiteketeza nyumba. Kwa hivyo ni lazima dohani isafishwe. Katika Uingereza ya zamani, nani aliyeisafisha? Ni watoto. Wavulana wadogo, wengine wa miaka 6 au hata chini ya hapo, walipandishwa ndani ya bomba jembamba lenye giza wakikwangua masizi. Wengine walikwama humo wakakosa pumzi.

Sheria ya mwaka wa 1788 ilikataza watoto wa chini ya miaka 8, lakini haikufuatwa. Ya mwaka wa 1840 ilikataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani, nayo pia ikapuuzwa. Hatimaye mwaka wa 1875 mvulana mmoja aitwaye George Brewster alikwama ndani ya dohani, akatolewa na kufa. Hakuwa amefika hata umri wetu. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyowataka wasafishaji wawe na leseni kutoka kwa polisi, na mchezo huo ukakomeshwa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mtoto mmoja alining'iniza soksi yake chini ya rafu akingoja zawadi, ilhali mtoto mwingine alipita juu yake ndani ya ukuta, amejaa masizi machoni. Mimi nilipolisoma jambo hili nilikaa kimya kwa muda.

MEKO YA UKUTANI HAPA KENYA

Hapa kwetu meko haya yako katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Limuru, Kericho, Molo na Nanyuki. Mengi yalijengwa na walowezi na wenye mashamba wakati wa ukoloni. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ndiko chai ilikopandwa kwanza nchini mwaka wa 1903. Mwezi wa Julai kule ni ukungu mtupu. Hata Desemba, mchana huwa na jua zuri lakini usiku utatafuta sweta. Kwa hivyo moto wa Krismasi kule si maringo. Unahitajika.

Holi na aivi hatuna haja nazo. Sisi tunatumia matawi ya saipresi, mti ambao wengi wetu huuita tu "mti wa Krismasi". Na huu nao ni mgeni, kwani asili yake ni Meksiko. Ulipandwa kwetu kwa ajili ya mbao, sasa umekuwa mwenyeji.

JINSI YA KUPAMBA, HATUA KWA HATUA

Haya ndiyo niliyofundishwa na shangazi. Siku ya kwanza niliingia nikiwa nimebeba matawi na riboni, nikakimbilia rafu. Shangazi akanizuia. "Mwanangu, rafu haikimbii. Piga magoti kwanza uchungulie ndani." Basi tukaanza hivi:

1. Kutoa jivu. Hakikisha moto ulizimika tangu jana. Hata hivyo usiliamini jivu, maana kaa linaweza kuishi chini yake usiku kucha. Litie kwenye debe la bati lenye kifuniko, wala si kwenye katoni au mfuko wa plastiki. Liweke nje. Likipoa kabisa litafaa shambani.

2. Kuikagua dohani. Ndege hupenda kujenga viota juu yake wakati moto hauwashwi. Fundi aisafishe angalau mara moja kwa mwaka, kwa brashi yenye mpini mrefu. Kisha fanya jaribio hili: washa kipande cha gazeti kilichosokotwa, kiinue ndani ya kinywa, utazame moshi. Ukipanda juu, dohani iko wazi. Ukirudi chumbani, zima, usiwashe chochote mpaka fundi aje.

3. Kuamua kama moto utawashwa. Uamuzi huu ndio unaoongoza mapambo yote. Ikiwa hautawashwa, unaweza kupanga magogo safi ndani ya kinywa na kuyazungushia matunda makavu ya msonobari. Ikiwa utawashwa, mapambo yote yakae juu na yasining'inie mbele ya kinywa.

4. Kutengeneza koja. Koja ni majani yaliyofungwa pamoja yakawa kama mkufu mrefu. Kata vijitawi vya saipresi vya urefu wa kama sentimita 20. Vitie katika karai la maji usiku kucha ili visikauke upesi. Pima rafu yako. Ikiwa ni ya mita 1.5, kata kamba ya katani ya urefu huo huo, au mita 2 kama hakuna moto na unataka ncha zishuke kandokando. Anza ncha moja. Weka vijitawi vitatu, uvifunge kwa uzi au waya mwembamba. Weka vingine vitatu vikifunika mashina ya vile vya kwanza. Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Usiwe na pupa, koja likifungwa ovyo litafumuka mbele ya wageni!

5. Kuipanga rafu. Kitu kikubwa hukaa katikati. Katika nyumba ile ni saa ya mbao. Kwingine huwa ni picha ya familia au pango la Bethlehemu lenye sanamu za Mariamu, Yosefu na Mtoto. Pande mbili hufuata vitu vya kimo cha wastani, halafu vidogo. Chagua rangi mbili au tatu basi, kwa mfano kijani, nyekundu na dhahabu. Ukiweka kila rangi uliyo nayo, rafu itafanana na kibanda cha mitumba.

6. Kutundika kadi. Siku hizi kadi zimekuwa adimu kwa sababu ya simu. Lakini ukizipata, zikunje juu ya uzi uliofungwa ukutani, mbali na moto.

7. Mishumaa na soksi. Mshumaa usikae chini ya tawi wala kando yake. Acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi, na usiuache ukiwaka chumba kikiwa hakina mtu. Soksi ni za kutundikwa kabla moto haujawashwa. Moto ukiwashwa, ziondolewe. Kitu chochote kinachoweza kuungua kikae angalau mita 1 kutoka kwa moto, na mbele ya kinywa pawekwe wavu wa chuma wa kuzuia cheche.

8. Kuyaondoa. Wengi huondoa mapambo tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Wakati huo saipresi imekauka. Usithubutu kuitia motoni ndani ya nyumba. Ina utomvu, inalipuka cheche na kuijaza dohani masizi. Itupe nje.

Tulipomaliza, niliitazama ile rafu nikaona fahari kweli. Mama mwenye nyumba alikuja akatushukuru. Jioni shangazi aliwasha moto, nikaona jinsi miale ilivyocheza kwenye majani. Nikajiambia, hata sisi kwetu tutakuwa na meko.

SIKU TULIYOISAHAU DOHANI

Nyumba yetu ni ya kupanga, ya vyumba viwili. Mwaka juzi, siku ya kuamkia Krismasi, mama alikuwa amekwenda kanisani kwa kesha, na baba alikuwa kazini. Mimi nilibaki na wadogo zangu wawili. Tulikuwa tumetafuta maboksi dukani, tukayabandika ukutani yakawa na umbo la meko. Tuliyachora matofali kwa rangi nyekundu. Juu tukaweka ubao ukawa rafu. Nilifunga koja la saipresi kama nilivyofundishwa, tukatundika soksi zetu za shule. Pamba ikawa theluji. Kusema kweli, lilipendeza.

Usiku mvua ikanyesha na baridi ikaingia. Kitinda mimba wetu akasema, "Sasa mbona meko haina moto?" Hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliwasha jiko la makaa nje, nikangoja mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu kabisa. Nilijiona mjanja. Nikaondoa soksi, nikaliingiza jiko ndani nikaliweka mbele ya maboksi yetu, si karibu sana. Kisha nikafunga mlango na dirisha, nikaziba na kitambaa chini ya mlango ili baridi isiingie. Tukaimba nyimbo.

Baada ya muda mdogo wangu akasema kichwa kinamuuma. Nilidhani ni usingizi. Akalala pale pale sakafuni. Yule mwingine akaanza kutapika. Mimi nilijaribu kusimama, miguu ikakataa kama si yangu. Sikuwa na wazo la kufungua mlango. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo. Mlango ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokaa, wala sikuufikiria.

Kwa bahati mama alirudi mapema kwa sababu ya mvua. Alisukuma mlango, akapiga kelele, majirani wakaja wakatutoa nje. Kitinda mimba hakuamka alipoitwa. Jirani yetu mmoja alitupeleka hospitalini kwa gari lake, mtoto akawekewa oksijeni, na kulipopambazuka akafungua macho akaomba maji. Nilishukuru Mungu jinsi sijawahi kushukuru.

Daktari wa zamu aliniuliza, "Moshi ulikuwa unapitia wapi?" Nikamjibu, "Daktari, hakukuwa na moshi. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwaka vizuri." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana hamkujua," akasema.

Alinieleza kinaganaga, na baadaye nikamuuliza mwalimu wa kemia. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta hushikana na damu mahali pa oksijeni, mwili ukakosa pumzi bila wewe kujua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu. Halafu usingizi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Nami nimejifunza kwamba hata pasipofuka moshi panaweza kuwa na kifo.

Katika ile nyumba ya Limuru moto huwa mkubwa kuliko jiko letu mara nyingi, na watu hulala salama. Kwa nini? Kwa sababu ya dohani. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda. Inapopanda ndani ya dohani hubeba moshi na gesi ile, na hewa safi huvutwa kutoka chumbani kuja motoni. Mimi niliiga matofali, nikaiga rafu, nikaiga hata theluji. Dohani sikuiiga, kwa sababu haikuonekana. Mwiga tembo hupasuka msamba.

TUSIO NA MEKO TUFANYE NINI?

Je, tuache kupamba? La hasha! Mwaka jana tulijenga tena meko yetu ya maboksi, safari hii bila moto. Ndani ya kinywa tuliweka vijiti vikavu vilivyopangwa vizuri, na nyuma yake karatasi nyekundu na ya manjano zilizokatwa kama ndimi za moto. Kitinda mimba ndiye aliyezikata. Kwa joto tulivaa sweta, tukajifunika blanketi moja, tukanywa chai ya tangawizi.

Ikiwa ni lazima jiko la makaa litumike, lipikie nje au mahali palipo wazi. Usiliingize ndani usiku ati kwa sababu makaa ni mekundu na hayatoi moshi. Usilale nalo, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Mtu akilalamika kichwa mbele ya jiko, usimwambie alale. Fungua mlango, mtoe nje, uite watu, apelekwe hospitalini.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mapambo ya meko yalianzia katika nchi za giza na baridi, ambako moto ulikuwa uhai. Tumeona yanavyofanywa hapa kwetu kwenye nyanda za juu. Na tumeona kwamba nyuma ya kila rafu nzuri kuna dohani isiyoonekana, na watu wasioonekana wanaoitunza. Shangazi yangu ni mmoja wao. Wageni husifu koja na mishumaa, lakini yeye ndiye anayepiga magoti na kuchungulia ndani.

Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wa fanaka. Tahadhari kabla ya hatari!

ZOEZI

1. Taja sehemu nne za meko ya ukutani na kazi ya kila moja.
2. Eleza tofauti kati ya koja na shada. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
3. Kwa nini makaa mekundu yasiyotoa moshi ni hatari katika chumba kilichofungwa?
4. Toa methali mbili zilizotumika katika makala haya na ueleze zinavyohusiana na kisa cha mwandishi.
5. Ukifika nyumbani leo, angalia jiko la kwenu huwekwa wapi usiku. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani ulichojifunza.